Upimaji wa Kipindi cha Kujizungusha kwa Asteroidi kwa Darubini za Ridhaa: Nafasi ya Hesabu ya Mizunguko katika Kuaminika kwa Matokeo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna kipindi cha kujizungusha kwa asteroidi kinavyopimwa kwa kufuatilia mabadiliko ya mwangaza wake kupitia darubini ndogo za wanaastronomia wa ridhaa. Hoja kuu ni kwamba kuaminika kwa kipindi kinachoripotiwa hakutegemei kwanza ukubwa wa darubini, bali uhakika wa idadi ya mizunguko iliyopita kati ya uchunguzi mmoja na mwingine. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa mifano ya asteroidi Eros, Apollo na mfumo wa Didymos. Makala yanaonyesha pia kwamba mpangilio wa usiku wa uchunguzi huacha alama katika orodha za vipindi zinazotumiwa na watafiti, na kwamba ushirikiano wa vituo vilivyo kwenye longitudo tofauti ndio njia ya msingi ya kuondoa kasoro hiyo.

1.0 Utangulizi

Asteroidi ni miamba inayozunguka Jua, na iliyo mingi hupatikana katika ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Katika darubini nyingi, hata zile kubwa za vituo vya kitaaluma, asteroidi huonekana kama nukta tu ya mwanga. Umbo lake halionekani, wala mashimo na mabonde yaliyo juu yake. Hata hivyo, nukta hiyo hubadilika mwangaza kwa utaratibu, na katika utaratibu huo zimo habari za mwendo na umbo la mwamba wenyewe.

Jambo hili lilianza kufahamika mwanzoni mwa karne ya 20. Asteroidi Eros iligunduliwa mwaka 1898, na mwaka 1901 mtaalamu wa Austria, Egon von Oppolzer, aliripoti kwamba mwangaza wake hupanda na kushuka katika muda wa saa chache. Tangu hapo upimaji wa mwangaza umekuwa njia kuu ya kujua asteroidi hujizungusha kwa kasi gani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo leo hufanywa na watu wasioajiriwa kama wanaastronomia. Wengi wao hutumia darubini zenye kioo cha kipenyo cha kati ya sentimita 20 na 40, pamoja na kamera ya kidijitali na kompyuta ya kawaida. Matokeo yao huchapishwa katika majarida kama Minor Planet Bulletin, lililoanza mwaka 1973, na hukusanywa katika kanzidata ya kimataifa iliyoelezwa na Warner, Harris na Pravec (2009).

Watafiti wa asili ya mfumo wa Jua huchota takwimu zao katika kanzidata hiyo. Kwa hiyo swali la jinsi kipindi kimoja kilivyopatikana linamhusu pia mtafiti ambaye hajawahi kugusa darubini. Kipindi kisicho sahihi kikiingia katika orodha, nadharia itakayojengwa juu yake nayo itapotoka.

Katika makala haya neno "mzunguko" linamaanisha duru moja kamili ya asteroidi kwenye mhimili wake, na neno "obiti" linamaanisha njia yake kulizunguka Jua.

2.0 Msingi wa Kipimo

Asteroidi haina mwanga wake yenyewe. Huakisi mwanga wa Jua. Ikiwa umbo lake ni refu, eneo linaloelekea Dunia hubadilika kadiri inavyojizungusha. Inapoonyesha ubavu wake mpana mwangaza huwa juu, na inapoonyesha ncha yake mwangaza hushuka. Kwa kuwa mwamba mrefu una mbavu mbili na ncha mbili, mzunguko mmoja kwa kawaida hutoa vilele viwili na mabonde mawili katika grafu ya mwangaza.

Tofauti kati ya kilele na bonde hupimwa kwa magnitudo, kipimo cha logarithimu ambamo tofauti ya 2.5 ni sawa na uwiano wa mwangaza wa 10 kwa 1. Kama asteroidi ingekuwa na umbo la yai refu, na kama ingetazamwa kutoka upande wa ikweta yake, tofauti hiyo ingekuwa 2.5 ikizidishwa kwa logi ya uwiano wa urefu kwa upana. Eros ina urefu wa takriban kilomita 34 na upana wa takriban kilomita 11. Uwiano huo unatoa tofauti ya takriban magnitudo 1.2. Tofauti iliyopimwa hufikia karibu 1.5 katika baadhi ya misimu, kwa sababu umbo halisi la Eros si yai kamili na kwa sababu vivuli huongezeka pale Jua linapoiangaza kutoka pembeni. Katika misimu mingine, Dunia inapokuwa karibu na uelekeo wa ncha ya mhimili wake, badiliko hilo hupungua sana. Asteroidi ni ileile na hujizungusha kwa kasi ileile. Kilichobadilika ni mahali pa mtazamaji.

Mfano huu unaonyesha kwamba grafu ya mwangaza ni zao la mambo matatu kwa pamoja: umbo, mwendo na pembe ya kutazamia. Kipindi ni sehemu ya mwendo, na ndicho kinachoweza kutengwa kwa urahisi zaidi, kwa sababu hujirudia.

3.0 Kutoka Picha hadi Grafu ya Mwangaza

Mchunguzi huielekeza darubini kwenye asteroidi na kupiga picha mfululizo kwa saa kadhaa. Katika kila picha, programu hujumlisha mwanga ulioangukia pikseli za asteroidi na kutoa mwanga wa anga uliozizunguka. Kiasi kinachobaki hulinganishwa na cha nyota kadhaa zilizomo katika picha hiyohiyo. Kwa kuwa wingu jembamba au vumbi la angani hupunguza mwanga wa asteroidi na wa nyota hizo kwa kiasi kinachokaribiana, ulinganisho huo huondoa sehemu kubwa ya athari za hewa. Magnitudo za nyota za kulinganishia huchukuliwa katika orodha za anga zima, kama ile iliyotokana na chombo cha Gaia cha Ulaya. Hatua hii huwezesha vipimo vya usiku tofauti, na vya wachunguzi tofauti, kuwekwa katika mizani moja.

Usahihi wa kipimo kimoja hutegemea wingi wa mwanga uliokusanywa. Mwanga wa asteroidi ukizidi makosa ya nasibu mara 50, kosa la kipimo huwa takriban magnitudo 0.02, kiwango kinachofikiwa na darubini ya ridhaa kwa asteroidi nyingi zenye mwangaza wa wastani. Muda wa kila picha nao una mpaka. Ukizidi takriban sehemu moja ya tano ya kipindi, vilele na mabonde huanza kufutika ndani ya picha yenyewe.

Kabla ya kuunganisha usiku mbalimbali, marekebisho matatu hufanywa. La kwanza ni la umbali: mwangaza hurekebishwa ili uwe kana kwamba asteroidi ilikuwa umbali uleule kutoka Dunia na kutoka Jua siku zote. La pili ni la pembe kati ya Jua, asteroidi na Dunia. La tatu ni la muda wa safari ya mwanga. Mwanga hutumia takriban sekunde 499, yaani dakika 8.3, kusafiri kizio astronomia kimoja. Umbali wa asteroidi ukibadilika katika wiki kadhaa, vilele huonekana kuwahi au kuchelewa bila mwendo wake kubadilika.

Baada ya hapo data hulinganishwa na mfululizo wa Fourier. Programu hujaribu maelfu ya vipindi, na kwa kila kimoja hukunja vipimo vyote juu ya mzunguko mmoja na kupima jinsi vinavyotawanyika. Kipindi chenye mtawanyiko mdogo kuliko vyote ndicho kinachopendekezwa. Hapo ndipo tatizo linalojadiliwa katika makala haya linapoanza, kwa kuwa mtawanyiko mdogo si lazima utokee kwenye kipindi kimoja tu.

4.0 Hesabu ya Mizunguko na Vipindi Bandia

4.1 Makosa yanayotokana na mapengo ya mchana

Mchunguzi wa kituo kimoja huiona asteroidi usiku na kuipoteza mchana. Akipata kilele leo na kilele kingine kesho, ana hakika ya muda uliopita kati yake, lakini hana hakika ya idadi ya mizunguko iliyopita. Eros, ambayo kipindi chake ni saa 5.270, hukamilisha mizunguko 4.554 kwa siku. Anayekosea kwa mzunguko mmoja kwa siku atapata mizunguko 3.554 au 5.554, yaani vipindi vya saa 6.753 au 4.321. Ikiwa vilele viwili vya grafu vinafanana kiasi cha kutotofautishwa, kosa la nusu mzunguko nalo huwezekana, na vipindi vya saa 5.920 na 4.749 huongezeka katika orodha ya washindani. Hivyo vyote ni vipindi bandia. Kimojawapo kinaweza kukunja data chache kwa unadhifu unaokaribia ule wa kipindi cha kweli.

Njia ya kuviondoa ni kupanga usiku kwa hatua zinazopanuka. Tuseme kila kilele kinaweza kupimwa kwa kosa la dakika 5. Vilele viwili vinavyofuatana kwa mzunguko mmoja katika usiku mmoja vitatoa kipindi chenye kosa la takriban dakika 7. Kosa hilo hujirudia katika kila mzunguko usioonekana. Baada ya mizunguko 11, yaani takriban siku mbili na nusu, kosa lililolimbikizwa hukaribia dakika 79, ambazo ni robo ya kipindi, na nusu mzunguko unaweza kupotea bila kujulikana. Kwa hiyo usiku wa pili hauna budi kufuata mapema. Ukipatikana kesho yake, mizunguko 5 baadaye, kosa hushuka hadi dakika 1.4 kwa mzunguko. Hapo mchunguzi anaweza kungoja siku 10 bila kupoteza hesabu, na kosa litashuka hadi takriban sekunde 9. Usiku mwingine baada ya siku 30 utalipunguza hadi sekunde 3. Darubini ni ileile na kosa la kila kilele ni lilelile. Usahihi umeongezeka kwa sababu hesabu ya mizunguko haikukatika.

Kinyume chake, mchunguzi mwenye darubini kubwa zaidi aliyechunguza usiku mmoja leo na mwingine baada ya wiki mbili atakuwa na grafu safi na kipindi chenye shaka. Usafi wa grafu hauwezi kufidia hesabu iliyopotea.

4.2 Kipindi kamili au nusu yake

Kosa la pili hutokana na dhana ya vilele viwili. Kwa Eros, anayedhani kwamba kila kilele ni mzunguko mzima atapata saa 2.635 badala ya 5.270. Harris na wenzake (2014) walionyesha kwamba, asteroidi inapotazamwa kwa pembe ndogo ya Jua, badiliko linalozidi takriban magnitudo 0.4 haliwezi kutokana na grafu yenye kilele kimoja. Chini ya kiwango hicho dhana ya vilele viwili hubaki kuwa dhana. Grafu yenye badiliko la magnitudo 0.1 inaweza kuwa na kilele kimoja, viwili au vitatu, na mwaminifu katika kazi yake hutaja vipindi vyote vinavyowezekana.

4.3 Asteroidi zisizo na kipindi kimoja

Baadhi ya asteroidi hazijizungushi kwenye mhimili mmoja thabiti, bali huyumba kama pia inayokaribia kuanguka. Mfano maarufu ni Toutatis, iliyogunduliwa mwaka 1989, ambayo mwendo wake una vipindi viwili vya takriban siku 5.4 na 7.3. Kwa miamba ya aina hii hakuna kipindi kimoja kitakachokunja data zote. Mchunguzi anayeona usiku wake haukubaliani hana budi kujiuliza kama kasoro iko katika vipimo au iko katika dhana kwamba kipindi ni kimoja.

5.0 Alama ya Usiku katika Orodha za Vipindi

Makosa yaliyoelezwa hapo juu hayatawanyiki ovyo. Yana mwelekeo, na mwelekeo huo huathiri hitimisho la kisayansi.

Jambo mojawapo lililothibitishwa vyema na vipindi hivi ni mpaka wa kasi. Asteroidi zenye kipenyo kinachozidi mita mia kadhaa ni nadra kujizungusha kwa kipindi kifupi kuliko takriban saa 2.2. Pravec na Harris (2000) walieleza kwamba nyingi kati yake si mwamba mmoja, bali ni malundo ya mawe yaliyoshikamana kwa mvutano wao wenyewe. Hesabu ya fizikia inaunga mkono maelezo hayo: tufe lenye msongamano wa gramu 2 kwa sentimita ya ujazo litaanza kurusha mawe ya kwenye ikweta yake kipindi kikishuka chini ya saa 2.33. Asteroidi kubwa ikiorodheshwa kimakosa kwa nusu ya kipindi chake, itaonekana kuvunja mpaka huo, na mtafiti anaweza kutafuta ndani yake uimara usiokuwepo.

Upande wa pili wa orodha una upungufu. Asteroidi inayojizungusha kwa siku kadhaa haionyeshi chochote zaidi ya mteremko mdogo katika usiku mmoja. Mathilde, iliyopitiwa na chombo cha NEAR mwaka 1997, hutumia takriban siku 17.4 kwa mzunguko mmoja. Mchunguzi asiye na wiki nyingi mfululizo huiacha asteroidi kama hiyo na kuchagua nyingine itakayompa matokeo. Kwa njia hiyo orodha hujaa miamba ya kasi ya wastani, na ya polepole huonekana michache kuliko ilivyo. Data za setilaiti TESS, ambayo hutazama eneo moja la anga kwa takriban siku 27 bila kukatizwa na mchana, zilithibitisha hali hiyo. Pál na wenzake (2020), waliochambua karibu asteroidi 10,000, walipata miamba ya polepole mingi kuliko ilivyotarajiwa kutokana na orodha za ardhini.

Kwa sababu hizo kanzidata iliyotajwa huambatanisha kila kipindi na alama ya ubora. Alama 3 humaanisha kipindi kisicho na utata; alama 2 humaanisha kwamba kinaweza kupotoka kwa takriban asilimia 30 au kuwa kipindi bandia; na alama 1 humaanisha kwamba huenda si sahihi kabisa. Mtafiti anayechukua vipindi na kuziacha alama zake huchukua nusu ya habari.

6.0 Uthibitisho wa Njia

6.1 Eros na Apollo

Chombo cha NEAR Shoemaker kiliingia katika obiti ya Eros tarehe 14 Februari 2000 na kutua juu yake tarehe 12 Februari 2001. Mwamba mrefu ulioonekana katika picha zake ulikuwa ukijizungusha kwa saa 5.270, kipindi kilekile kilichokuwa kimepatikana kutokana na nukta ya mwanga.

Mfano wa Apollo unaonyesha hesabu ya mizunguko inaweza kufikishwa wapi. Kaasalainen na wenzake (2007) walilinganisha grafu za mwangaza za misimu mbalimbali na kubaini kwamba kasi ya asteroidi hiyo inaongezeka polepole kutokana na msukumo wa mwanga wa Jua unaofyonzwa na kutolewa na uso wake. Ongezeko hilo linatosha kuleta mzunguko mmoja wa ziada katika miaka 40. Kwa kipindi cha takriban saa 3.065, miaka 40 ni mizunguko inayokaribia 114,000. Kosa la mzunguko mmoja kati ya hiyo yote lingeweza kuificha athari hiyo, au kuizua mahali isipokuwepo.

6.2 Mfumo wa Didymos

Asteroidi Didymos ina mwezi mdogo uitwao Dimorphos, uliogunduliwa mwaka 2003. Mwezi huo unapopita mbele au nyuma ya Didymos mwangaza wa jumla hushuka kidogo, na mishuko hiyo ndiyo iliyotumika kupima kipindi cha obiti yake, ambacho kilikuwa saa 11 na dakika 55. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha DART cha Marekani kiligongeshwa kwa makusudi kwenye Dimorphos ili kujaribu kama asteroidi inaweza kusukumwa. Vipimo vya mwangaza vilionyesha kwamba kipindi kimepungua hadi takriban saa 11 na dakika 23. Mafanikio ya jaribio zima yalisomwa katika grafu ya mwangaza.

Kipindi cha awali kinaonyesha kwa nini kituo kimoja hakitoshi. Obiti mbili zilitumia saa 23 na dakika 50. Kila usiku, kwa hiyo, mchunguzi aliyebaki mahali pamoja aliona karibu sehemu ileile ya obiti, ikiwa imewahi kwa dakika 10 tu. Kuiona obiti yote kwa njia hiyo kungehitaji takriban siku 72. Kituo kilichoko mbali kwa longitudo kingeiona sehemu iliyokosekana usiku uleule.

Mgongano wenyewe ulitokea saa 8 na dakika 14 usiku wa kuamkia tarehe 27 Septemba kwa saa za Afrika Mashariki. Graykowski na wenzake (2023) waliripoti kwamba darubini nne za wachunguzi wa ridhaa, tatu katika kisiwa cha Réunion na moja jijini Nairobi, zilinasa mlipuko wa mwangaza uliofikia takriban magnitudo 2.3. Upande mwingine wa Dunia ulikuwa mchana, na darubini za huko, hata ziwe kubwa kiasi gani, hazingeweza kuona kitu.

Hali ya kijiografia inaunga mkono jambo hilo. Nairobi iko karibu na longitudo 37 Mashariki. Ikiunganishwa na kituo cha mashariki mwa Australia, karibu na longitudo 150 Mashariki, na kingine cha magharibi mwa Marekani, karibu na longitudo 110 Magharibi, Dunia hugawanyika katika sehemu tatu zisizotofautiana sana. Aidha, karibu na ikweta njia ya sayari hupita juu angani mwaka mzima, na usiku haupungui sana katika msimu wowote.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kipindi cha kujizungusha kwa asteroidi kinaweza kupimwa kwa darubini ya ridhaa kwa usahihi wa sekunde chache, mradi mizunguko ihesabiwe bila kukatika. Kutokana na hayo, mambo manne yanafaa kuangaliwa katika tathmini ya kazi yoyote inayoripoti kipindi kipya. Kwanza, mpangilio wa usiku: je, kosa lililolimbikizwa kabla ya kila pengo lilikuwa dogo kuliko robo ya kipindi? Pili, vipindi bandia: je, vimetajwa na kukataliwa kwa sababu zilizoelezwa? Tatu, idadi ya vilele: je, imethibitishwa na ukubwa wa badiliko, au imedhaniwa tu? Nne, longitudo: ikiwa kipindi kinakaribia saa 8, 12 au 24, je, yapo matokeo ya kituo cha pili?

Umuhimu wa maswali hayo utaonekana tena tarehe 13 Aprili 2029, asteroidi Apophis itakapopita takriban kilomita 32,000 kutoka uso wa Dunia na kuonekana kwa macho matupu katika maeneo mengi ya Afrika. Apophis ni miongoni mwa asteroidi zinazoyumba, na mvutano wa Dunia unatarajiwa kubadilisha mwendo wake wa kujizungusha. Badiliko hilo litapimika tu ikiwa mwendo wa kabla na wa baada utakuwa umehesabiwa bila mapengo.